Malalamiko Kuhusu Viungo Visivyoachia

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Mikono Yako,
Toleo la Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu pamoja na lawama zangu. Nimezitia katika bahasha moja kwa kuwa sikuona sababu ya kuzitenganisha. Mimi ni msomaji wa gazeti lako, na kabla ya kustaafu nilikuwa mwandishi wake. Niliandika habari za mahakama, za moto, za mafuriko na za mikutano ya bodi ya maji, na hakuna hata moja iliyonifanya niinue sauti. Sasa limenipata jambo nyumbani kwangu, na nimeona nilieleze kwa utaratibu uleule wa zamani: nilichokiona kwanza, nilichoambiwa baadaye, na maoni yangu mwishoni, mahali ambapo ukikosa nafasi unaweza kuyakata.

Jambo lenyewe ni hili. Ukurasa wako ulichapisha makala yenye kichwa "Kiungo Kisichoachia: Kuchomelea Chuma Nyumbani". Mke wangu akaisoma.

Mke wangu ni mshonaji wa nguo. Chuma alichokifahamu ni sindano na mkasi. Kaka yake alipofunga gereji yake alituletea mashine ya kuchomelea ili "ikae kidogo", nayo ikakaa stoo, ikafunikwa gunia, paka akaifanya kitanda. Baada ya makala yako gunia lilitoka, paka akatoka, mke wangu akaingia. Aliikata makala kwa mkasi wa vitambaa, akaibandika ukutani juu ya mashine, akaniambia, "Mwandishi, ni kushona tu hii, ila uzi wake ni moto." Mwandishi ndilo jina analoniitia tangu uchumba, na nitaomba ulikumbuke jina hilo, kwa sababu kesi yangu yote imelalia hapo.

Ieleweke kwamba silalamiki kuwa makala ilikuwa na makosa. Laiti ingekuwa nayo! Ilisema chuma kisuguliwe mpaka king'ae, kutu na rangi vitoke, akasugua. Ilisema kingo za chuma kinene zichongwe ili moto ufike ndani, akachonga. Ilisema mkono usikimbie, gamba linalobaki juu ligongwe na kupigwa brashi ya waya kabla ya kupitisha mstari wa pili, na kiungo kiachwe kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji. Yote akayatenda, neno kwa neno, kama mtu anayefuata dawa ya daktari. Matokeo yake ni kwamba nyumbani kwangu hakuna tena kitu kinachovunjika. Madhara nayaeleza hapa chini, kwa namba.

1. Kiti cha wageni. Tulikuwa na kiti cha chuma chenye mguu mmoja uliolegea. Hakikuwa kibovu, kilikuwa na kazi yake. Mgeni aliyekikalia alianza vizuri, akayumba kidogo wakati wa chai, na alipofika kwenye habari za wakwe zake mguu ulianza kutoa mlio, naye mwenyewe akakumbuka kwamba ana shughuli. Kwa njia hiyo sikuwahi kumfukuza mtu. Sasa mguu umechomelewa. Jirani yetu fundi saa, ambaye zamani alikuwa akija kusalimia, siku hizi anakuja kukaa. Siku ya kwanza alijishusha taratibu, akasubiri ule mlio aliouzoea, haukuja, akaegemea kwa mgongo wote. "Sasa hiki ndicho kiti, mzee! Kumbe miaka yote ulikuwa unanikalisha kwenye mtego?" Nilimjibu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Tangu hapo amenisimulia maumivu ya mgongo wake kwa kirefu, na jambo la kuudhi ni kwamba mgongo unapona, na anasema ni kwa sababu ya kiti.

2. Geti. Geti letu lilikuwa na tabia. Bawaba ya juu ilikuwa imeachia upande mmoja, kwa hiyo ili lifunguke ilibidi uliinue kwa mkono wa kushoto, ulisukume kwa goti la kulia, kisha umalizie kwa bega. Ujuzi huo nilikuwa nao peke yangu. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, akirudi kazini alisimama nje akaita, "Baba! Geti!" Mke wangu akirudi na vitambaa: "Mwandishi, geti!" Mleta gesi naye, mtungi begani: "Mzee, fanya haraka bwana, geti!" Kila nilipoitwa niliweka kalamu chini, nikavaa ndala, nikaenda. Sasa geti linafunguka kwa kidole, tena bila sauti. Juzi nilimkuta binti yangu jikoni anakula, nikamuuliza ameingia saa ngapi. "Mbona niko hapa muda tu, Baba," akasema, akaendelea kula. Sizungumzii usalama, Ndugu Mhariri. Wezi hawana nafasi, maana komeo nalo limechomelewa. Nazungumzia kwamba ndani ya nyumba yangu mwenyewe siitwi tena.

3. Taa. Mashine ikiwaka, taa ya sebuleni hufifia na redio hukohoa katikati ya taarifa ya habari. Hili ni dogo. Nimelipatia namba yake ili lisijisikie limebaguliwa.

4. Waya wangu. Kabla ya makala yako, fundi wa nyumba hii nilikuwa mimi. Ninayo droo yenye waya wa kufungia, vipande vya mpira wa tairi, utepe wa kitambaa na misumari niliyoinyoosha kwa mikono yangu. Kwa vifaa hivyo niliishika nyumba nzima: meza ya pasi, stendi ya feni, rafu ya vyombo, mpini wa toroli. Sikudai kwamba kazi yangu ilikuwa ya kudumu. Ilidumu mpaka niitwe tena, na nilipoitwa nilikuja na droo. Mke wangu ameifungua kazi hiyo yote kwa koleo, kifundo baada ya kifundo, akaipanga mezani kama vielelezo vya upande wa mashtaka. Nimekaa mahakamani vya kutosha kujua rundo la namna hiyo linaelekea wapi. Alichukua waya uliokuwa umeishika stendi ya feni tangu binti yetu akiwa shule ya msingi, akaugeuzageuza, akasema kwa upole kabisa, "Mwandishi, huku si kutengeneza. Huku ni kubembeleza."

Shemeji, yaani kaka yake, alicheka mpaka akalazimika kukaa. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, nacho hakikunitetea.

5. Majaribio. Makala yako ilikuwa na sentensi moja ambayo wakili yeyote angekushauri uiondoe: "Usikiamini kiungo kwa kukitazama, kibane, kipige, uone." Basi mke wangu akawa anaunga vipande vya mabaki, anavibana kwenye jiriwa, anavishushia nyundo. Vilivyoachia alivitazama ndani kwa makini, kisha ananiletea mimi sebuleni nikiwa nasoma. "Unaona? Juu kimependeza, ndani hakijashika. Kimejilalia tu juu ya chuma kama gundi." Mwanzoni viliachia vyote, na nikawa na matumaini. Halafu vikaanza kupinda bila kuachia. Siku moja chuma chenyewe kilipinda pembeni ya kiungo kama mtu aliyekunja goti, na kiungo kikabaki kimetulia tuli. Alitoka stoo akiwa ameinua barakoa, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, akakishika kile kipande juu kama samaki aliyemvua mwenyewe, na majirani wakachungulia kujua kuna nini. Tangu siku hiyo mtaa unamwita Mama Cheche.

Kwa viti na mabenchi, jiriwa haitoshi. Kwa hiyo ameteua mtu. Shemeji ni mnene, mwenye roho nzuri na mwili wa kutosha watu wawili. Gereji walikuwa wakimwita Jeki. Kila Jumamosi anafika, anaonyeshwa kazi mpya, anapewa maagizo: "Kaka, kaa. Rukaruka. Sasa egemea kama umesikia habari mbaya." Anakaa kwa heshima ya waziri anayezindua daraja, anafumba macho, anasikilizia, kisha anatamka, "Kimeiva." Halafu anapakuliwa chakula. Mtu huyu hajui kushika hata kijiti cha kuchomelea, gereji alikuwa mtu wa magurudumu, lakini siku hizi haanzi kula mpaka atoe maoni.

Mimi nilijitolea mara moja. Nilikaa, nikarukaruka, nikaegemea kama nilivyosikia akiagizwa mwenzangu. Mke wangu alinitazama kwa huruma. "Shuka, Mwandishi. Wewe hata kiungo kibovu kingekuvumilia."

Nyuma ya mlango wa stoo zimetundikwa aproni mbili za turubai alizozishona mwenyewe. Moja ni yake. Ya pili nadhani ni ya Shemeji, ingawa kwa mtu aliyezoea kuandika anachokiona, kamba zake haziwezi kumzunguka Shemeji hata nusu. Nalitaja kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa tu.

6. Mtaa. Maambukizi yameenea. Watu wanaleta baiskeli, vitanda, majiko ya mkaa, toroli zilizokatika shingo. Mke wangu hakatai isipokuwa sufuria, kwa kuwa makala yako ilisema zile ni habari nyingine na mashine hii haiziwezi. Pembeni mwa barabara yetu kuna fundi wa kuchomelea anayeitwa Rudi Kesho. Si fundi mbaya, ila ana haraka, hasugui kutu, na kazi yake ikipakwa rangi humpendeza mteja machoni kabisa mpaka atakapoikalia. Alikuja kuniona mimi, hakwenda kwa mke wangu. "Mzee, zungumza na mama, tafadhali. Watu wameanza kuniuliza kwa nini vya kwangu vinaachia. Zamani hawakuwa wanauliza, walikuwa wanarudi tu." Nilimwambia kwamba namwelewa kuliko anavyodhani. Tukakaa wanaume wawili, kila mmoja na waya wake moyoni, mpaka mke wangu alipotoka na kumuuliza kama angependa kuona namna ya kusugua kingo. Akaenda! Akakaa huko hadi mchana. Kwa hiyo hata mshirika wangu wa pekee nimempoteza.

Hapa naomba nisimame kidogo kabla ya namba ya saba, nikuulize wewe kama mtu wa kazi yetu. Habari ni nini, Ndugu Mhariri? Ni kitu kilichoachia. Daraja likisimama, hatuandiki. Likianguka, tunaandika kurasa tatu na picha. Bomba likishika maji, nani ananunua gazeti? Nilikula, nikavaa na nikamsomesha binti yangu kutokana na viungo vibovu vya nchi nzima. Sasa wewe, kwa hiari yako, katika gazeti lako mwenyewe, unawafundisha wananchi kuunga vitu visiachie. Leo ni kiti cha wageni. Kesho watu hawa watafika kwenye madaraja, kwenye mabehewa, kwenye paa za masoko, na wewe utabaki na matangazo ya vifo na utabiri wa hali ya hewa. Na si magazeti tu. Nyumba inakaa pamoja kwa sababu kitu kimeanguka na mtu mmoja akamwita mwenzake. Ukiondoa kuanguka, umeondoa kuitana. Watu watapita kando ya wenzao kwenye mageti yasiyo na sauti, wataketi kila mmoja kwenye kiti chake imara, na hakuna atakayejua kama mwenzake yuko jikoni au hayuko. Sijui kama bodi yenu ilijadili jambo hili kabla ya kuchapa.

7. Benchi. Sasa nafika kwenye tukio lenyewe, ambalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mke wangu aliamua kutengeneza benchi la barazani, kubwa, lenye mgongo mrefu na mikono miwili, la kukalisha familia nzima. Mvua zilikuwa zinanyesha, akalitengenezea ndani ya stoo, mlango ukiwa wazi ili moshi utoke. Vipimo alivichukua kama anavyovichukua siku zote. Alimsimamisha kaka yake, akazungusha utepe shingoni mwake mwenyewe, akampima nyonga, mgongo, urefu wa paja mpaka gotini, akaongeza kidogo kwa ajili ya kupumua. Kwa mshonaji, kazi inapimwa mwilini mwa mwenye nguo. Hakuna mshonaji duniani anayekwenda kupima mlango wa mteja kuona kama suti itapita. Kwa hiyo mwili wa Shemeji ulipimwa barabara, na mlango wa stoo haukupimwa kabisa.

Mimi niliona. Nilipita pale na kikombe changu cha chai wakati miguu ya mbele imeshikishwa kwa vitone vichache tu vya kuchomelea, nikatazama kina cha benchi, nikatazama mlango, nikajua. Lakini mwandishi wa habari haingilii tukio. Isitoshe, sikuulizwa.

Jumamosi benchi likawa limekamilika, Shemeji akalikalia, akalirukia, akatamka kwamba limeiva, na tukaanza kulitoa. Lilikataa kwa upana. "Ligeuzeni, kichwa kwanza," akasema Shemeji. Lilikataa kwa kimo. Fundi saa aliyekuja kukaa akainuka kutoa ushauri: "Lilazeni ubavu, kama mnatoa jeneza." Likakataa kwa ubavu. Binti yangu akasema, "Mama, hili limeingiaje?" Mama yake akajibu kwamba liliingia likiwa mabomba. Rudi Kesho, ambaye sasa yuko hapo kila siku kujifunza, akasema kukata kiungo kimoja kungetosha, ila sahani ya grainda ya kukatia chuma ilikuwa imekwisha na duka limefungwa. Ndipo Shemeji akaleta nyundo kubwa ya gerejini. Wazo lilikuwa kupiga mguu mmoja wa nyuma, uachie, litoke, kisha uungwe upya. Mke wangu alisita, kisha nikaona macho yake yanabadilika. "Piga, kaka," akasema. "Tuone."

Shemeji alipiga. Benchi lilikuwa limesimamishwa katikati ya mlango, nusu ndani na nusu nje. Nguvu ya nyundo iliingia kwenye mguu, ikapita kwenye kiungo bila kusalimia, ikaenda mpaka mkono wa upande wa pili, na mkono ukautwanga mwimo wa mlango. Mwimo ukang'oka. Tofali zilizokuwa zimeushika zikaufuata, na kipande cha ukuta cha ukubwa wa mbuzi kikalala uani. Vumbi likatanda. Hakuna aliyeumia isipokuwa sufuria moja iliyokuwa imeachwa pale kwa matumaini.

Nimeshuhudia maafa mengi na ninajua watu hukimbilia wapi. Hukimbilia watu, kisha mali. Mke wangu alikimbilia kiungo. Alipiga magoti kwenye vumbi, akakifuta kwa upindo wa aproni, akapitisha kidole polepole kuzunguka kote, kisha akainua uso akiwa mweupe kwa chokaa. "Hata ufa hakuna!" akasema. "Hata ufa, jamani!" Wote wakapiga makofi: Shemeji, binti yangu, fundi saa, na Rudi Kesho aliyepiga kuliko wote. Kisha wakalitoa benchi kupitia pale ulipokuwa ukuta. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa tundu, na ilichukua muda mpaka mtu akauliza kama nipo.

8. Na lina kombo. Hili nalieleza mwishoni kwa sababu ndilo jibu la wale watakaosema nina wivu. Benchi liko barazani sasa, na mguu mmoja haufiki chini. Chuma kikipoa huvuta, makala yako yenyewe ilisema, na lilipokuwa likivuta hapakuwa na mtu wa kutazama kutoka pembeni. Anayechomelea yumo ndani ya barakoa, haoni chochote ila moto wake. Kiungo cha waya wangu kingekuwa na kombo, ungekikunjua ukakirudia kabla chai haijapoa. Kombo la mke wangu ni la milele. Chini ya mguu huo tumeweka gazeti lililokunjwa. Ni la kwako, toleo la Jumamosi.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwa heshima, mambo yafuatayo. Uchapishe masahihisho ukurasa uleule, ukieleza kwamba kiungo imara kina madhara kwa ndoa, ujirani na tasnia ya habari. Uchapishe pia makala ya kusawazisha, ambayo niko tayari kuiandika bila jina langu, itakayowafundisha wasomaji kuchomelea juu ya rangi na kutu, kukimbiza mkono, kutogonga gamba, kukimwagia kiungo maji kikiwa chekundu, na kukiamini kwa kukitazama. Na ikiwa gazeti lako bado lina sauti kwa wakubwa, lipendekeze kwamba kila nyumba iachiwe kitu kimoja kibovu, chini ya usimamizi wa baba mwenye nyumba, na kisiguswe na mtu mwingine yeyote.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpanga kurasa, msahihishaji ambaye alinikata sentensi nyingi na nyingi zilistahili, dereva wa gari la magazeti, na mama wa chai. Mwambie mama wa chai kwamba meza yake iliyokuwa ikiyumba, ile niliyoifunga waya mguu wa nyuma, nategemea bado inayumba. Ikiwa kuna mtu amekwisha kuichomelea, usiniambie.

Ni mimi, msomaji wako wa siku zote, ambaye hadi naandika mstari huu sijaungwa na kitu chochote,

Mwandishi Mstaafu

Nyongeza. Nimeifungua bahasha. Nilikuwa nimekwisha kuilamba gundi, natafuta ndala niipeleke, nikasikia kutoka uani: "Mwandishi! Mwandishi, njoo ushike!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaenda polepole, kwa heshima ya umri wangu. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye tundu la ukuta na mabomba manne ya mraba. Anatengeneza fremu mpya ya mlango wa stoo, ya chuma. Akanieleza, bila kunitazama sana, kwamba amefikiria habari ya kombo. Fremu inahitaji mtu wa kuishika ikae sawasawa, na wa kuiangalia kutoka pembeni inapovuta, aseme kabla haijawa ngumu. Shemeji hafai, anaegemea. Binti yuko zamu. Rudi Kesho ana haraka. "Nataka mtu mwenye jicho, anayesema alichokiona," akasema, "hata kama hakipendezi."

Akanivalisha barakoa ya pili na glavu. Kisha akaenda nyuma ya mlango uliobaki umeegemezwa ukutani, akatoa ile aproni. Ilinitosha. Mshonaji hakosei mwili anaoujua, na sina la kuongeza juu ya hilo.

Kabla hajawasha, akauliza, "Mlango uwe na upana gani?"

"Upana wa benchi," nikasema, "na kiganja juu yake."

Akainua barakoa. "Kumbe ulijua!"

"Sikuulizwa."

"Basi kuanzia leo naanza kukuuliza. Shika hapo. Usipumue."

Nikashika. Akawasha, vitone vya kwanza vikakaa, nikaweka skwea ya kupimia pembe kwenye kona, nikaona inavuta kushoto, nikasema, akairudisha kwa nyundo ndogo kabla haijakataa. Tukapima tena. Pembe ilikuwa pembe. Kona mbili zimekwisha, nimepumzishwa ili chuma kipoe, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika haya.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, puuza namba ya kwanza hadi ya nane. Ikiwa lazima uchapishe kitu, chapisha namba ya tatu, kuhusu taa, maana hiyo ni ya haki. Na unijulishe kwa haraka sehemu ya pili ya makala, ile mliyoahidi ya kuunga mabomba ya mviringo, itatoka lini. Pia, ukiwa na nakala ya sehemu ya kwanza, tutumie. Ya kwetu ilikuwa ukutani, na ule ukuta nimekwisha kukueleza habari zake.

Nakomea hapa. Naitwa.